Somo la 18: Makabila ya Israeli yalitoka wapi?

Hapa Lubudi, ukimwamkia mzee njiani, atakujibu salamu yako, kisha atakuuliza: "Wewe mtoto wa nani? Kwenu ni wapi?" Swali hili si baya. Kila mtu apenda kujua alikotoka. Mmoja atajibu, "Sisi ni Basanga." Mwingine, "Sisi ni Baluba." Mwingine, "Sisi ni Balunda," au "Sisi ni Bayeke wa Bunkeya." Mwingine tena atasema, "Babu yangu alitoka Kasayi, alikuja kwa gari la moshi kutafuta kazi."

Leo tutawauliza Waisraeli wa kale swali lile lile: "Kwenu ni wapi? Ninyi watoto wa nani?" Tutawaita mashahidi wawili. Shahidi wa kwanza ni Maandiko Matakatifu. Shahidi wa pili ni udongo, yaani vitu vya kale ambavyo wataalamu wamevitoa ardhini. Shahidi wa kweli hamwogopi shahidi mwenzake. Basi tuwasikilize wote wawili.

1. Wana wa Yakobo

Kitabu cha Mwanzo chasimulia kwamba Mungu alimwita Abrahamu atoke katika nchi yake, aende nchi ya Kanaani. Jamaa yake walikuwa wamekaa Uru, halafu Harani, mbali upande wa kaskazini. Abrahamu alimzaa Isaka, na Isaka alimzaa Yakobo. Usiku mmoja, kando ya mto Yaboki, Yakobo alishindana na mtu wa ajabu mpaka alfajiri, akapewa jina jipya: Israeli. Ndiyo maana watoto wake waliitwa wana wa Israeli.

Yakobo alizaa wana wa kiume 12 kwa mama wanne. Someni majina yao kwa sauti:

Wana wa Lea: Rubeni, Simeoni, Lawi, Yuda, Isakari, Zabuloni.
Wana wa Raheli: Yosefu, Benyamini.
Wana wa Bilha, mjakazi wa Raheli: Dani, Naftali.
Wana wa Zilpa, mjakazi wa Lea: Gadi, Asheri.

Njaa ilipoingia Kanaani, Yakobo alishuka Misri na jamaa yake yote, watu 70. Huko wakaongezeka. Farao akawafanya watumwa. Mungu akamtuma Musa awatoe, na baada ya Musa, Yoshua akawaingiza Kanaani. Kila kabila likapewa sehemu yake ya nchi. Kabila la Lawi halikupewa nchi, bali miji ya kukaa tu, maana kazi yake ilikuwa ibada. Nyumba ya Yosefu ikagawanyika kuwa makabila mawili, Efraimu na Manase. Kwa hiyo hesabu ikabaki 12.

Hivyo ndivyo shahidi wa kwanza aanzavyo kusema: baba mmoja, mama wanne, wana 12, makabila 12. Lakini hakunyamaza hapo. Tuendelee kumsikiliza.

2. Damu nyingi katika ukoo mmoja

Mtu akitaka kujisifu kwa ukoo wake, huwaficha wageni waliomo ndani yake. Maandiko Matakatifu hayafanyi hivyo.

Sheria ya Musa ilimwamuru kila Mwisraeli aliyeleta malimbuko ya shamba mbele ya altare akiri kwamba baba yake alikuwa Mwaramu, mtu wa kutangatanga. Nabii Ezekieli, alipoukemea mji wa Yerusalemu, aliuambia kwamba baba yake alikuwa Mwamori na mama yake Mhiti. Efraimu na Manase walizaliwa na mama Mmisri, jina lake Asenati, binti wa kuhani wa miungu ya Misri. Sipora, mke wa Musa, alikuwa Mmidiani. Na usiku ule Waisraeli walipotoka Misri, Kitabu cha Kutoka chasema kwamba kundi kubwa la watu wa mataifa mengine lilifuatana nao.

Tuko bado. Kalebu, yule mpelelezi hodari aliyepewa mji wa Hebroni katika nchi ya Yuda, anaitwa Mkenizi, na Wakenizi hawakuwa wana wa Yakobo. Rahabu alikuwa mwanamke wa Yeriko. Yeye na nyumba ya baba yake wakakaa kati ya Waisraeli. Watu wa Gibeoni waliingia kwa hila, wakapewa kazi ya kukata kuni na kuteka maji. Ruthu alikuwa Mmoabu, naye ndiye aliyemzaa babu yake mfalme Daudi.

Mtakatifu Matayo alipoandika nasaba ya Bwana wetu Yezu Kristu, angeweza kuwaacha wanawake hawa wageni. Hakuwaacha. Aliwataja Rahabu na Ruthu kwa majina yao.

3. Orodha zisizofanana

Tena, hesabu ya 12 haibadiliki mara nyingi, lakini majina hubadilika. Katika orodha nyingine Lawi yumo na Yosefu ni mmoja. Katika nyingine Lawi hayumo na Yosefu amekuwa wawili. Katika baraka ya Musa, mwishoni mwa Kumbukumbu la Torati, Simeoni hatajwi kabisa.

Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 5, mna wimbo wa ushindi wa Debora. Wataalamu wengi waona kwamba ni mojawapo ya sehemu za zamani sana katika Biblia nzima. Debora awasifu waliokuja vitani: Efraimu, Benyamini, Makiri, Zabuloni, Isakari na Naftali. Awalaumu waliobaki nyumbani: Rubeni, Gileadi, Dani na Asheri. Hesabuni: ni kumi, si kumi na wawili. Makiri na Gileadi hawamo katika wana wa Yakobo. Na Yuda, Simeoni na Lawi hawasifiwi wala hawalaumiwi. Yaonekana siku zile hesabu ya ndugu ilikuwa haijatulia.

Hata majina mengine yaeleza mahali kuliko mtu. Efraimu ni jina la milima. Benyamini maana yake ni mwana wa mkono wa kuume, na katika lugha ya Waebrania upande wa kuume ndio upande wa kusini. Kabila la Benyamini lilikaa kusini mwa Efraimu.

Je, Maandiko yamesema uongo? La. Yamesema kwa desturi ya watu wa kale, na desturi hiyo sisi wa Lualaba twaijua. Kwa Balunda, mtu arithiye kiti cha ushefu harithi kiti tu. Arithi pia jina na undugu wa yule aliyetangulia. Shefu mmoja humwita mwingine "baba" au "ndugu", ingawa hawakuzaliwa na mtu mmoja, na ingawa wale wa kwanza walikufa zamani sana. Kwa njia hiyo wanasema: nchi zetu mbili zina mapatano, hii ni kubwa na hii ni ndogo, tusidhulumiane. Mgeni akisikia atafikiri wanasema habari za kuzaliwa. Mwenyeji anajua kwamba wanasema pia habari za amani.

Mwaka 1943 Papa Pio wa Kumi na Mbili aliwaandikia wataalamu wa Kanisa akiwahimiza wachunguze kwa bidii namna za kusema za watu wa kale, ili wafahamu vema mwandishi mtakatifu alitaka kusema nini. Basi nasi tusiogope kuchunguza.

4. Makaburi ya ziwa Kisale

Sasa tumwite shahidi wa pili, udongo. Kabla hatujaenda mbali, tujifunze kwanza kwetu jinsi udongo unavyosema.

Ninyi mnawajua wachimbaji wa shaba. Wako wachimbaji wengine wasiotafuta shaba ya kuuza. Wanatafuta vigae, mifupa, majivu ya jiko na misingi ya nyumba. Hawatumii baruti, bali vijembe vidogo na brashi, maana hawataki kuvunja kitu.

Wazee wa Baluba husimulia kwamba zamani alitawala Kongolo, mfalme mkali. Kutoka mashariki akaja mwindaji mwenye adabu, Mbidi Kiluwe. Dada yake Kongolo akamzalia mwindaji huyo mwana, Kalala Ilunga. Kalala Ilunga akamshinda Kongolo, akaanzisha bulopwe, yaani ufalme mtakatifu wa Baluba. Mtu akisikia hadithi hii aweza kudhani kwamba Baluba wote walitoka mashariki pamoja na mwindaji.

Katika miaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi kijijini Sanga, kando ya ziwa Kisale, kule Lualaba inakopita katika maziwa ya Upemba. Jina la kijiji hiki lisiwachanganye na kabila la Basanga. Wachimbaji wengine walifuata katika miaka ya 1970. Walikuta vyungu vizuri, vyombo vya chuma, mapambo ya shaba, na katika makaburi ya baadaye misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha. Walipopima umri wa vitu hivyo, waliona kwamba watu wa desturi hiyo walikaa pale tangu karne ya 8 baada ya Kristu, na kwamba desturi ziliendelea, zikibadilika polepole, mpaka wakati wa Baluba tunaowajua.

Basi, wengi wa mababu walikuwako pale pale siku zote, wakivua samaki na kufua chuma. Hadithi ya mwindaji haikusema uongo. Yaeleza jinsi ufalme ulivyokuja. Udongo waeleza jinsi watu walivyokaa. Shikeni jambo hili, maana mtaliona tena katika nchi ya Kanaani.

5. Jiwe la Misri na vijiji vya milimani

Mwaka 1896 Mwingereza Flinders Petrie alichimba huko Thebes, katika Misri, akakuta jiwe refu jeusi lenye maandishi. Ni jiwe la Farao Merneptah, la mwaka 1208 hivi kabla ya Kristu. Farao ajisifu kwamba amewashinda watu wa Kanaani, na kati yao ataja jina Israeli. Hakuna andiko lililo nje ya Biblia, ambalo watu wote wakubaliana juu yake, litajalo jina hili mapema kuliko hilo.

Mwandishi Mmisri alikuwa na alama moja ya kuonyesha mji au nchi, na alama nyingine ya kuonyesha watu. Miji aliyoitaja karibu na Israeli aliiwekea alama ya nchi. Israeli aliwawekea alama ya watu. Kwa hiyo wakati ule Israeli walikuwa tayari ni watu wenye jina katika Kanaani, lakini hawakuwa na mji mkuu wala mfalme.

Walikaa wapi? Baada ya mwaka 1967 wataalamu walitembea milima ya kati ya nchi ile, bonde kwa bonde, wakiokota vigae na kuandika kila gofu. Waliona jambo kubwa. Kabla ya mwaka 1200 hivi kabla ya Kristu milima ile ilikuwa na vijiji vichache tu. Baadaye, kwa muda mfupi, vijiji vipya zaidi ya 200 vilitokea. Vilikuwa vijiji vidogo visivyo na kuta za vita wala nyumba ya mfalme. Watu walijenga nyumba zenye nguzo, walitengeneza matuta ya mawe ili udongo usichukuliwe na mvua, walichonga mashimo mwambani ya kuhifadhi maji, na walitumia mitungi mikubwa ya nafaka. Mifupa ya kondoo, mbuzi na ng'ombe ni mingi. Mifupa ya nguruwe ni haba sana.

Lakini vyungu vyao vyafanana na vyungu vya Wakanaani. Lugha yao pia, Kiebrania, ni ndugu ya lugha za Kanaani. Hata nabii Isaya aiita lugha ya Kanaani. Kama wote wangalitoka nchi ya mbali siku moja, wangalikuja na vyungu vya namna nyingine na lugha ya namna nyingine.

6. Wataalamu wasemavyo

Wataalamu wameshindana sana juu ya jambo hili.

Wengine walisema: Waisraeli waliingia kwa vita, kama Kitabu cha Yoshua kisimuliavyo. Wachimbaji wakaenda kuangalia. Mji wa Hasori, kaskazini, uliteketea kweli kwa moto katika karne ya 13 kabla ya Kristu. Lakini Yeriko ni habari nyingine. Mama Kathleen Kenyon, Mwingereza, alichimba huko tangu 1952 mpaka 1958. Aliona kwamba mji ule mkubwa uliharibiwa karibu na mwaka 1550, zaidi ya miaka 300 kabla ya wakati ambao wataalamu wengi wamweka Yoshua. Tena Kitabu cha Waamuzi chenyewe, katika sura ya kwanza, chataja miji mingi ambayo Waisraeli hawakuweza kuitwaa, wakakaa pamoja na wenyeji.

Mwaka 1925 Mjerumani Albrecht Alt alisema: walikuja polepole, wachungaji na makundi yao, wakitafuta majani mpaka wakatulia milimani. Mwaka 1962 Mmarekani George Mendenhall alisema: wengi walikuwa wakulima wa Kanaani waliochoka na kodi na kazi za nguvu za wafalme wao, wakaungana na watu wachache waliotoka utumwani Misri. Naye Padre Roland de Vaux, Mdominiko Mfaransa aliyefundisha Yerusalemu miaka mingi, alionyesha kwamba makundi mbalimbali yalifika kwa njia mbalimbali na kwa nyakati mbalimbali, mengine kutoka kusini, mengine kutoka ng'ambo ya Yordani.

Leo wataalamu wengi wakubaliana kwamba sehemu kubwa ya Waisraeli wa kwanza walikuwa watu wa Kanaani yenyewe, wakulima na wachungaji, na pamoja nao walikuwamo watu wa mahali pengine. Wengi wafikiri pia kwamba walikuwamo waliotoka utumwani Misri, na kwamba hao ndio walioleta habari za Bwana Mungu awafunguaye watumwa. Habari hiyo ikawa ya wote.

Mto wetu mkubwa wapokea maji ya Lubudi upande huu na maji ya Lufira upande huu. Maji yakishachanganyika, hakuna awezaye kuyatenga. Wote twauita Lualaba.

7. Mfano wa Bunkeya

Labda mtauliza: yawezekana watu wa asili nyingi wawe taifa moja lenye jina moja? Yawezekana. Nendeni Bunkeya, katika teritware yetu hii ya Lubudi.

Msiri alikuwa mwana wa Kalasa, Msumbwa mfanyabiashara wa shaba kutoka Unyamwezi, nchi ambayo leo ni sehemu ya Tanzania. Karibu na mwaka 1856 Msiri akakaa huku na watu wake, akajenga mji mkuu wake Bunkeya. Wageni wale hawakuwa wengi. Lakini Msiri alioa wake kutoka makabila mengi, na watu wa asili nyingi wakakusanyika kwake: Basanga, Balamba, Baluba, Balunda na wengine. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs. Mji ukatawanyika, lakini Bayeke hawakupotea. Mwanawe, Mukanda-Bantu, akawakusanya tena.

Siku hizi wengi wa Bayeke husema Kisanga, lugha ya wenyeji waliowakuta. Lakini wamelishika jina lao, mfalme wao aitwa Mwami, na hawajasahau Unyamwezi. Katika damu ya Myeke wa leo mna mabibi wengi wa nchi hii hii. Je, yeye si Myeke? Ni Myeke kweli. Wazee wachache walileta jina, na watu wengi wakalipokea likawa lao.

8. Agano la Shekemu

Basi ni nini kilichowafanya watu wale wa milima ya Kanaani kuwa ndugu? Jibu limo katika Kitabu cha Yoshua, sura ya mwisho.

Yoshua alipokuwa mzee, aliwakusanya makabila yote Shekemu, bondeni kati ya mlima Ebali na mlima Gerizimu. Hakuanza kwa kuwasifu mababu. Aliwakumbusha kwamba mababu zao ng'ambo ya Mto, hata Tera baba yake Abrahamu, waliabudu miungu mingine. Kisha akawaambia wachague leo watamtumikia nani. Watu wakajibu kwamba watamtumikia Bwana. Yoshua akafanya agano nao, akasimamisha jiwe kubwa chini ya mwaloni liwe shahidi.

Angalieni neno lile: wachague. Mtu hawezi kuchagua tumbo la kuzaliwa. Lakini agano aweza kulichagua. Aliyelikubali agano alihesabiwa mwana wa Abrahamu, ikiwa babu yake alitoka Harani, au Misri, au Midiani, au alizaliwa palepale Kanaani. Historia ya wokovu wa Israeli ikawa historia yake. Kila mwaka, penye karamu ya Pasaka, alisema: sisi tulikuwa watumwa Misri.

Hata Afrika ya Mashariki mambo ya namna hii yametokea. Mwaka 1919, karibu na Mbale katika Uganda, Semei Kakungulu, aliyekuwa jemadari wa Baganda, alisoma vitabu vya Musa, akatahiriwa yeye na wanawe, akashika sabato. Watu wake waitwa Abayudaya, nao wako mpaka leo. Hawakusema kwamba mababu zao walikuwa wana wa Yakobo. Walisema kwamba wameishika sheria yake.

9. Neno moja lililoua

Lakini undugu wa agano waweza kuvunjika. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, chasimulia vita kati ya Gileadi na Efraimu, ndugu wa agano moja. Watu wa Gileadi walikalia vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka walimwambia aseme neno moja: shibolethi. Watu wa Efraimu hawakuweza kuitamka sauti ile ya kwanza. Walisema "sibolethi". Aliyesema hivyo aliuawa palepale. Kitabu chasema walikufa watu 42,000. Kwa kosa gani? Kwa ulimi tu, jinsi mama zao walivyowafundisha kusema.

Watoto wapenzi, jambo la namna hii halikubaki Yordani. Reli ilipita Lubudi na kufika Bukama mwaka 1918. Kwa reli na kwa barabara wakaja watu wa kazi: wa migodi ya Union Minière, wa gari la moshi, wa kiwanda cha simenti. Wengi walitoka Kasayi. Walioa huku, walizaa huku, waliwazika wazee wao huku. Katika miaka 1992 na 1993 wengine walisema kwamba watu hao si wa hapa, kwa sababu ya damu yao. Huko Likasi na Kolwezi maelfu na maelfu walifukuzwa katika nyumba zao. Walilala penye vituo vya reli wakingoja gari la moshi, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa, hasa watoto na wazee. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamekaa benchi moja shuleni, na kupiga magoti mbele ya altare moja.

Siku zile wako waliouliza swali lile lile la mzee: "Kwenu ni wapi?" Mzee huuliza ili akujue na kukupa kiti. Wao waliuliza ili wamfukuze mtu. Maneno ni yale yale, lakini moyo ni mwingine.

Sheria ya Mungu katika Kitabu cha Walawi iliwaamuru Waisraeli wampende mgeni akaaye kwao kama wajipendavyo wenyewe, na sababu ikatajwa: wao nao walikuwa wageni Misri. Israeli hawakuambiwa wasahau walikotoka. Waliambiwa wakumbuke, ili wapate huruma. Nawe jua kabila lako, jifunze lugha ya bibi yako, tunza mila njema za wazee. Kisha mwenzako akikuambia kwao ni mbali, msogelee, umpe nafasi kwenye benchi.

Maneno magumu

Agano: mapatano makubwa yanayofungwa mbele ya Mungu.
Nasaba: orodha ya wazazi na mababu wa mtu.
Malimbuko: mazao ya kwanza ya shamba.
Kigae: kipande cha chungu kilichovunjika.
Gofu: nyumba au mji ulioachwa na kubomoka.
Kivuko: mahali pa kuvukia mto.
Karne: miaka 100.

Maswali

1. Yakobo alipewa jina gani jipya, na mahali gani?
2. Tajeni mama wanne wa wana wa Yakobo na watoto wa kila mmoja.
3. Kwa nini hesabu ya makabila yenye nchi ilibaki 12, ingawa Lawi hakupewa nchi?
4. Tajeni watu wanne katika Maandiko waliohesabiwa pamoja na Israeli, lakini walitoka katika mataifa mengine.
5. Makabila gani hayatajwi katika wimbo wa Debora?
6. Jiwe la Merneptah latufundisha nini juu ya Israeli?
7. Hadithi ya Mbidi Kiluwe na makaburi ya Kisale vyapatanaje?
8. Kuna tofauti gani kati ya undugu wa damu na undugu wa agano?

Kazi ya nyumbani

Waulize wazazi wako, au wazee wanaokulea, mababu na mabibi zako walizaliwa wapi na walisema lugha gani. Andika majibu yao katika daftari. Kesho kila mmoja atasoma alichoandika mbele ya darasa, na wengine watasikiliza kwa heshima. Asiyewajua mababu zake aandike habari za mtu aliyemlea, maana huyo naye ni mzazi.